Jina la Bi Swabaha Mtaroni

Pumwani, Nairobi
9 Februari 1966

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi Swabaha, Kuze, Mombasa.

Assalamu alaikum. Nakushika miguu na kukubusu mikono yote miwili, wa kulia ulionilisha na wa kushoto ulionifinya masikio. Mimi mzima. Baridi ya huku imenifundisha kulala na soksi. Sijaoa, kwa hiyo habari hiyo iache pale ulipoiacha.

Shangazi, nimepata kazi. Ni kampuni inayotengeneza mifuko ya nailoni, na mimi ni mmoja wa wanaoizungusha madukani. Mkubwa wangu ni Bwana Seth, mtu wa bara, mpole, asiyependa uchafu. Na hapo ndipo ninapotaka kuanzia.

Kile kijamanda, kikapu kidogo cha halua ulichoniletea siku ya Idi, nilikipeleka ofisini kumkirimu. Nilikiweka juu ya faili yake. Alipokiinua, samli ilikuwa imepenya kwenye ukili wake uliosukwa na kuchora kisiwa kizima cha Mombasa, pamoja na njia ya Makupa, juu ya karatasi za watu. Hakunigombeza. Alinyanyua karatasi ile, akaitazama kwenye mwanga, akaniuliza kama kwetu hatujasikia kuna nailoni.

Niliona haya, shangazi. Halua yako haina mfano Pwani nzima, lakini inatembea ndani ya kikapu kinachovuja kama mashua mbovu. Basi nimekutengenezea mifuko mia tano. Imeandikwa kwa wino mwekundu: HALUA YA BI SWABAHA, KUZE. Mfuko huu hauvuji, haulowi na hauozi. Mtu akinunua Kuze akapanda gari la moshi, atafika Nairobi kanzu yake ikiwa nyeupe.

Nisalimie sana Bi Mwanaesha. Mwambie amesuka vijamanda vya kutosha maisha yake yote, sasa mikono yake ipumzike.

Mwanao mtiifu,
Kamaludin

*

Kuze, Mombasa
14 Machi 1966

Kwa mwanangu Kamaludin.

Waalaikum salaam warahmatullah. Barua yako ilifika upesi, jibu ndilo lililochelewa. Paka wa Faraj alizaa ndani ya kabati ninamoweka kalamu, nami sikutaka kumsumbua mzazi. Sisi wazima. Paa limetengenezwa upande mmoja. Faraj wa Kibokoni anamwoza binti yake Khairiya baada ya Idi ya kuchinja, na halua ya harusi nitapika mimi.

Nimefurahi kwa kazi yako. Mshahara hukuutaja nami sikuulizi.

Mifuko imefika salama. Niliposoma jina langu kwa wino mwekundu nilikaa kitako. Nilidhani nimeshtakiwa. Lakini ni mizuri, inang'aa, na ninavyokuandikia hakuna hata mmoja uliokaa bure. Kuze yote inaisifu. Hata Kibokoni wamekuja kuomba.

Nauliza jambo moja tu, kwa faida ya jirani. Mfuko huu ukitiwa kitu cha moto, hufanyaje?

Nakuletea halua kidogo, ya zafarani. Kula na wenzako, usile peke yako chumbani kama ulivyokuwa ukifanya.

Shangazi yako,
Swabaha

*

Nairobi
28 Machi 1966

Shangazi mpenzi,

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote wa nyumbani, pamoja na paka na wanawe. Mimi mzima.

Barua yako niliisoma nimesimama. Pale uliposema hakuna hata mfuko mmoja uliokaa bure, nilienda moja kwa moja kwa Bwana Seth nikamsomea. Aliniuliza wauza halua ni wangapi pale Mji wa Kale. Nikamwambia ni wengi na wote wanakufuata wewe. Shangazi, nimepandishwa. Sasa mimi ndiye mwakilishi wa kampuni kwa Pwani yote, na nina kiti chenye mikono.

Kwa hiyo nimeshatuma mifuko elfu kumi, mizigo minne, kwa gari la moshi. Yote ina jina lako. Ukiona ni mingi, wagawie wauza halua wenzako kidogo kidogo.

Lile swali la jirani, mwambie asubiri kitu kipoe.

Kuna jambo dogo. Halua uliyoniletea ilikuja ndani ya kijamanda. Nadhani mifuko ilikuwa imekwisha.

Bi Mwanaesha hukumtaja. Nisalimie.

Kamaludin

*

SIMU YA POSTA
Mombasa, 5 Aprili 1966
MIZIGO IMEFIKA. NYUMBA IMEJAA. USITUME MINGINE. SWABAHA

*

Kuze, Mombasa
25 Aprili 1966

Kwa Kamaludin.

Waalaikum salaam. Sisi wazima wa miili. Mvua imeanza. Khairiya ameolewa na yuko kwake, Mungu amjaalie kheri. Faraj, baba yake, amepita mlangoni mwangu mara tatu bila kuingia.

Nitakueleza sababu, na ukiwa mbele za watu ikunje barua hii ukaisomee chumbani.

Siku ya harusi nilikuwa na makarai mawili ya halua na sikuwa na vijamanda. Kwa nini sikuwa navyo, si habari ya leo. Nilikuwa na mifuko yako, maana nikifungua kabati nakutana nayo, nikiinama uvunguni nakutana nayo. Halua ilitoka jikoni adhuhuri na wenye harusi walitaka kuichukua alasiri. Uliniambia jirani asubiri ipoe. Harusi haisubiri halua ipoe, Kamaludin. Niliitia ikiwa na moto kidogo, wallahi kidogo, nikaipanga kwenye masinia mifuko juu ya mifuko, nikafunika kwa kanga.

Walipofunua kule Kibokoni, mifuko ya juu ilikuwa imelegea ikatoboka, halua ikashuka kukaa juu ya maandishi ya mifuko ya chini. Samli na wino mwekundu vimependana. Kila kipande kilichobanduliwa kilitoka na jina langu mgongoni.

Wanaume walikuwa wamekaa safu mbili ukumbini. Mwalimu Zein wa chuo cha Kurani, ambaye ni mjomba wa bwana harusi, alichukua kipande akaona kina maandishi. Akavaa miwani. Sasa maandishi yalikuwa yamegeuka kinyume, yanaanzia kulia kuendea kushoto, na huko ndiko anakotoka mwalimu kila siku anaposoma. Basi wakati wengine wanageuza vichwa, yeye alisoma bila taabu.

"Swabaha," akasema. Kwa sauti ile ile anayowasomeshea watoto.

Wamenihadithia kwamba ukumbi mzima uliacha kutafuna. Wewe umezaliwa mji huu, unajua. Miaka hamsini na sita nimeishi na hakuna mwanamume wa kando aliyepata kulitaja jina langu mbele ya wanaume wenzake. Wapishi wakubwa wananiita Mama Halua. Marehemu mume wangu mwenyewe alikuwa akiniita "wewe". Na sasa jina limetajwa ukumbini, kisha likaliwa. Mwalimu alikula "Swa" akaacha "baha" kwenye sahani, kwa heshima, nadhani.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme yote. Ile mifuko mia tano ya kwanza haikukaa bure, ni kweli. Faraj alikivika mmoja kiti cha baisikeli yake. Wanawake waliivaa kichwani siku ya mvua. Paka alitandikiwa. Halua ndiyo haikuingia humo, kwa sababu nilijaribu siku ya kwanza na ilinuka kama taa ya chemli. Sikukuambia kwa sababu barua yako ilikuwa na furaha.

Shangazi yako

*

Nairobi
6 Mei 1966

Shangazi,

Salamu nyingi. Barua yako ya tarehe 25 Aprili imepokewa na maelezo yake yamezingatiwa. Kampuni inasikitika kwa usumbufu. Wino utabadilishwa. Wateja wanashauriwa kupoza bidhaa kabla ya kufunga. Mizigo iliyobaki ihifadhiwe mahali pakavu.

Wasalimie wote, na Bi Mwanaesha.

K. Kamaludin
Mwakilishi, Pwani

*

Kuze, Mombasa
30 Mei 1966

Kwa K. Kamaludin, Mwakilishi, Pwani.

Barua yako niliisoma mara mbili nikidhani imepotea njia, ilikuwa inakwenda kwa mtu wa benki. Hukuniuliza kama nimelia. Basi hatutaanza na habari za wazima. Tutaanza na mtaro.

Mizigo yako minne haikuenea ndani. Mmoja niliuweka chini ya ngazi, mlangoni. Sikumpa mtu wala sikumkataza mtu. Wiki moja haikupita, kila muuzaji wa Kuze ana mifuko. Mbaazi zinauzwa ndani ya jina langu. Dagaa, mkaa, pilipili, viatu vilivyoshonwa, vyote ni Halua ya Bi Swabaha. Mtu akishatoa mbaazi zake anautupa mfuko, na mfuko hauendi kokote, kwa sababu, kama ulivyoniandikia mwenyewe kwa kujisifu, hauozi.

Ikaja mvua ya wiki iliyopita. Mtaro wa nyuma ya chuo ukaziba, maji yakaingia kwa Mwalimu Zein, mikeka ya watoto ikaelea. Siku ya pili alikuja bwana afya, anaitwa Mutunga, kijana wa Kikamba mwenye viatu vya mpira mpaka magotini. Alikuwa ameshika fimbo, na kwenye fimbo kuna mfuko unadondoka maji machafu. Baraza hadi baraza alikuwa akiuliza nyumba ya Swabaha iko wapi, kama anayetafuta mwizi wa kuku.

Nilijifunika nikasimama nyuma ya mlango. Akabisha kwa adabu, hilo siwezi kumnyima. Akasema, "Mama, wewe ndiye Swabaha?"

Nikamwambia, "Mimi ni mama wa watu. Nani amekupa jina langu?"

Akasema, "Mtaro, mama."

Aliniomba nitoke nikaone, nami nikatoka. Palikuwa na rundo kufikia kiuno cha mtu, lote jekundu na jeupe, lote langu. Bwana Mutunga hakunitukana. Alinieleza kama mtu anayemweleza mamake. Alisema kijamanda kikianguka mtaroni kinaoza, au mbuzi anakila, na mji unaendelea. Huu mfuko wanauzoa, wanaupeleka jaani Kibarani pamoja na taka zote, upepo unauinua tena unautia majini. Alisema nikienda Makupa nitaona mikoko imeuzaa. Hebu fikiri. Wasafiri wote wanaoingia kisiwani wananisoma.

Sasa jambo ambalo umeliuliza mara tatu, na mimi nimelipita mara tatu. Ulisema nimwambie Bi Mwanaesha mikono yake ipumzike. Nilimwambia. Neno kwa neno, dirishani, nikicheka, nikidhani ni zawadi. Unajua dirisha lake na langu yanatazamana, kati yetu ni uchochoro wa hatua saba tu. Miaka thelathini na minane tumezungumza hapo, yeye akisuka, mimi nikichambua iliki. Aliweka chini ukili aliokuwa nao mkononi akafunga dirisha. Tangu siku ile sijaliona wazi.

Harusi ilipokaribia nilimpelekea mtu kuomba vijamanda. Alijibu kuwa mikono inapumzika.

Ndiyo sababu sikuwa navyo. Nimekuandikia kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu.

Swabaha
(nimeliandika mwenyewe, maana halina siri tena)

*

Nairobi
20 Juni 1966

Shangazi yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Nimekaa na barua yako wiki mbili. Mara nne nimeanza kujibu, na kila mara mkono unaandika kama wa kampuni. Leo nimekalia kitanda badala ya kile kiti, labda itatoka vizuri.

Nisamehe kwanza, kisha usikilize, kwa sababu na mimi nilikuficha.

Kile kijamanda cha Machi, cha halua ya zafarani, nilikipeleka ofisini. Safari hii nilitandika gazeti chini. Halua iliisha kabla ya saa nne. Halafu Bi Jacinta, anayepiga chapa, aliniomba kijamanda kitupu. Siku ya pili nilikikuta mezani kwake kimejaa nyuzi na sindano. Bwana Seth alikiona, akauliza cha kwanza cha Idi kiko wapi. Nilimpa. Ndimo anamoweka kalamu zake mpaka leo. Wenzangu wengine watano wameniuliza vinapatikana wapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya mfuko, na sisi ndio tunaoutengeneza.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimeshapewa cheo.

Na hilo la wauza halua wote wa Mji wa Kale kukufuata wewe, nililitunga. Bwana Seth sasa anataka kuja na mpiga picha.

Nimeomba likizo. Nitafika Mombasa Jumatatu ya tarehe mosi Agosti, Maulidi yakishapita. Usinipikie kitu. Niwekee magunia.

Kamaludin

*

Nairobi
15 Agosti 1966

Shangazi mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullah. Nimefika salama. Mgongo bado unauma, ngozi ya shingo imebanduka kwa jua, na Bi Jacinta ananiuliza kama nilikwenda likizo au nilifungwa.

Zile siku kumi unazijua, uliziona kutoka juu. Niliokota kuanzia chuoni kwa Mwalimu Zein mpaka Kibokoni, vichochoro vyote. Wazee wa barazani hawakuniacha kazi bila msaada wa maneno. Mmoja alinionyesha kwa bakora kila mfuko nilioupita, bila kuinuka alipokaa. Kwa Faraj niliingia nikaomba radhi, akanipa kahawa na ule mfuko wa kiti cha baisikeli. Mwalimu Zein aliniambia nisiwe na wasiwasi, halua ilikuwa nzuri, ila alikuwa hajapata kusoma kitu kitamu namna ile. Makupa nilikwenda na Bwana Mutunga. Alinikopesha viatu vyake vya ziada, tukaingia kwenye mikoko, matope mpaka mapajani, tukichuma jina lako tawi kwa tawi. Hatukuimaliza mifuko yote. Alisema mingine itakuwapo sisi tukishakufa, na hakusema kwa mzaha.

Lakini kuna jambo hukuliona, kwa kuwa lilipita upande wa pili wa uchochoro. Nimekatazwa nisikuambie. Nimefikiri kwenye gari la moshi usiku kucha na nimeamua kuvunja ahadi.

Siku ya sita nilikuwa chini ya dirisha la Bi Mwanaesha nikichokoa mfuko ulionasa kwenye bomba. Dirisha likafunguka kidogo, ikashuka kata ya maji kwa kamba. Nilikunywa. Kisha nikapanda bila kuitwa.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono juu ya magoti, hafanyi kitu. Shangazi, sijawahi kuiona mikono ile imekaa hivyo. Nilipiga magoti nikasema yote niliyoyapanga, kwamba nilidhani namfanyia wema, kwamba sikujua. Aliningoja mpaka maneno yakaniishia.

Halafu akasema, "Kamaludin, kijamanda changu kilivuja, sikatai. Uliwahi kuniuliza?"

Nikamwambia hapana.

"Umekwenda mpaka Nairobi kutafuta dawa ya kuvuja. Mimi nilikuwa hapa. Ungeniuliza, ningekujibu."

Akaniagiza nishuke nikamletee jani la mgomba. Akalipitisha juu ya makaa ya jiko polepole, hata likabadilika rangi likawa laini kama kitambaa. Akachukua ukili mwembamba akashona kijamanda chenye kuta mbili, akalilaza jani katikati, bila mshono kwenye kitako. Siku mbili alikishona, mimi nikimkunjulia miyaa, yale majani makavu ya mkindu. Alinijaribisha na mimi kushona kimoja. Kilipokwisha akakitazama pande zote, akauliza ni kofia ya nani.

Kijamanda chake nilikitia halua yako, ile uliyodhani nimeila njiani, nikasafiri nacho. Siku niliyoingia ofisini nilikiweka juu ya meza ya Bwana Seth, chini yake karatasi nyeupe. Kilikaa pale tangu asubuhi hadi jioni. Karatasi ilipotolewa ilikuwa nyeupe vile vile. Hapo nikamwambia ukweli, wa harusi, wa mtaro, na wa wauza halua niliowatunga.

Alikula kipande. Akaniambia nirudi kwenye kiti changu cha kwanza, kisicho na mikono, na Pwani nisiiguse. Mizigo mitatu isiyofunguliwa irudishwe, atatafuta namna ya kufuta maandishi, wauziwe wenye mbolea. Nilipofika mlangoni akaniita. Ndugu yake anaoa Disemba. Anataka vijamanda mia mbili vyenye halua ndani.

Nilimwambia siwezi kumwitikia. Anayesuka na anayepika hawasemezani.

Bi Mwanaesha alinikataza kukuambia haya yote kwa sababu anataka usikie kutoka kwake, na anataka umwulize kwa kinywa chako. Hajakukasirikia kwa ajili ya mifuko. Alisema, "Mtoto ni mtoto. Lakini yeye aliyasema maneno yale anacheka."

Shangazi, ni hatua saba.

Mwanao,
Kamaludin

*

Kuze, Mombasa
12 Septemba 1966

Kwa mwanangu Kamaludin.

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mizigo mitatu imeondoka, nimeuona tena uvungu wa kitanda changu. Wana wa paka wamegawiwa, mmoja kamchukua Bwana Mutunga. Amekuwa akipita kila Ijumaa kuukagua mtaro na kula. Kiti kisicho na mikono kitakufaa, utaweza kuinuka upesi.

Hatua saba, umesema. Zilinichukua siku tisa.

Siku ya kwanza nilijiambia yeye ndiye aliyefunga dirisha, afungue yeye. Ya pili nilijiambia yeye ni mdogo wangu kwa miezi minne. Ya tatu nilivaa buibui, nikashuka mpaka mlangoni, nikamkuta Faraj, nikajifanya nakwenda kwa muuza samli. Nilinunua samli ambayo sikuihitaji. Ya nne vile vile. Nina samli ya mwaka mzima. Kisha siku hizo nyingine niliumwa, au nilisema naumwa, nikalala natazama dirisha lile, na mtu akilitazama dirisha lililofungwa muda mrefu anaanza kusikia maneno yake mwenyewe. Nilijisikia ninavyocheka. Ilikuwa kweli, nilicheka.

Jumamosi nilivuka. Sikuchukua kitu mkononi, kwa sababu nikichukua halua atasema nimekuja kumhonga, nikienda na iliki atasema nimekuja kufanya kazi. Nilipiga hodi.

Akasema kutoka juu, "Mlango uko wazi tangu Februari."

Nilipanda. Alikuwa na ukili mkononi, lakini hausuki, ameushika tu. Nilikaa kwenye mkeka. Tulikaa hivyo mpaka mwadhini akaadhini, na tukaendelea kukaa alipokwisha. Mwishowe nikamwuliza. Nilimwuliza kama kijamanda kinaweza kushonwa kisivuje.

Akaniambia kinaweza.

Nikamwambia, "Nisamehe, Mwanaesha. Nilikucheka."

Akaniambia nisogee, nimekalia miyaa yake. Nikasogea. Akaanza kusuka, na mimi nilishindwa kuangalia kwa sababu ya machozi. Yeye pia alisema kuna moshi, na jiko halikuwashwa.

Mwambie Bwana Seth wa kwako, vijamanda mia mbili vitakuwapo, bila maandishi. Mwalimu Zein ametaka kujua kama vya Maulidi yajayo vitakuwa vya namna hiyo, anasema anataka halua ya kula tu, vitu vya kusoma anavyo vya kutosha. Mwanaesha amechukua wasichana wawili wa mtaani anawafundisha kulipitisha jani motoni, na anawafokea kutwa, nasikia mpaka jikoni kwangu. Mikono yake haijapumzika hata saa moja, na uso wake umerudi.

Ila usidhani mambo yote yamenyooka. Tumegombana tena tangu juzi, juu ya kifuniko. Yeye anataka kiwe bapa, apange vijamanda vingi sandukuni. Mimi nataka kiwe na kilele, kama cha zamani, kwa sababu halua ikijaa vizuri huinuka katikati, nami sipunji watu. Nimemwambia kifuniko bapa ni cha wauza tambuu. Ameniambia mimi kazi yangu ni kukoroga, nisimfundishe kufunika. Amefunga dirisha kwa kishindo, akalifungua mara moja ili aongeze neno alilolisahau, akafunga tena.

Ninavyoandika hapa limefunguka. Ameweka viwili kwenye kizingiti cha dirisha, kimoja bapa na kimoja chenye kilele, na ananiita kwa jina langu kwa sauti ya kusikika hadi Kibokoni. Wacha niishie hapa. Nikichelewa kuitika atasema nimenuna.

Shangazi yako,
Swabaha